Mkeka Uliotoka Ukutani

Mwaka jana watu waliukalia mkeka wangu. Nilikuwa nimeushona kwa miezi, nikaupeleka kwenye maonyesho ya sanaa ya mtaani kwetu Manzese nikijua utatundikwa, kisha nikaenda kusali. Niliporudi nikaukuta umetandikwa chini karibu na jukwaa, wapiga ngoma wameujaa, wanakula mihogo ya kukaanga. Kwenye pembe moja chachandu ya pilipili ilikuwa imeshamwagika.

Mimi nikikasirika sana huwa nacheka kwanza. Wanaonifahamu huondoka wakati huo. Binti anayesimamia maonyesho hanifahamu kiasi hicho, kwa hiyo alibaki amesimama mbele yangu na tabasamu lake. Ni binti wa watu, anatokea Mbweni, amesomea sanaa, na hajawahi kunipita bila shikamoo. Nilipomuuliza mkeka wangu unafanya nini chini, alishangaa kweli.

"Jamani mama, si mkeka? Sie tulijua umetuletea wageni wakae."

Ungemjibu nini? Maonyesho yale hufanyika mara moja kwa mwaka kwenye uwanja ulio nyuma ya karakana za maseremala. Pembeni kuna ukuta mrefu wa ghala, na mwenye ghala ana moyo mzuri, anaturuhusu tuupake chokaa. Kinachotundikwa kwenye ukuta ule kinaitwa sanaa. Wageni husimama mbele yake, huinamisha kichwa upande, hupiga picha. Kinachobaki chini kinaitwa bidhaa, na watu hukipita wakiwa wanatafuta juisi ya miwa. Fundi wa vyungu analijua hilo, wasuka vikapu wanalijua, na mimi nilikuwa nimelijua muda mrefu bila kulisema.

Lakini hilo la wapiga ngoma ningelimeza. Kilichonichoma ni kwamba pale kwenye mkeka, katikati yao, alikuwa amekaa mama mkubwa. Alikuwa amekuja kutoka Mbagala kwa mwaliko wangu. Aliukalia mkeka wangu mchana kutwa, akanyoosha miguu, akanywa chai yake, akaondoka na hakusema neno lolote.

Mama mkubwa ndiye dada wa mama yangu, na wote wawili walifundishwa mikeka na bibi. Kusuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, anaweza mtu yeyote mwenye vidole na muda. Kazi yenyewe ni kushona: kuchukua tepe zile na kuziunganisha ubavu kwa ubavu mpaka ziwe kitu kimoja cha kulalia watu. Mikeka mingi hufia hapo. Inapendeza juu, inauzwa, baada ya mwaka mmoja mshono unaachia na mtu analala na vumbi. Mama yangu alipoonyeshwa mkeka hakutazama rangi. Aliupindua, akapitisha kidole kwenye mshono kutoka mwanzo mpaka mwisho, ndipo akafungua mdomo.

Mkeka wake wa mwisho aliuweka juu ya kabati, umefungwa kwenye kanga. Wazee wetu wengi hufanya hivyo. Wanajiwekea sanda na mkeka, na watoto wakiuliza wanawafukuza. Siku aliyofariki tuliushusha, tukamlaza juu yake, na ndivyo alivyotoka nyumbani. Kisha kwenye arobaini, tukiwa uani tunamenya viazi vya pilau, mama mkubwa akasema mbele ya wanawake wote, "Mkono wa kushona wa nyumba hii tumeuzika."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anamlilia mdogo wake. Lakini mimi nilikuwa nimekaa palepale na kisu mkononi, mtoto pekee wa marehemu aliyerithi sindano, na nilikuwa nashona tangu usichana. Wanawake waliniangalia kisha wakaangalia viazi vyao. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani, mama mkubwa aone kazi yangu na ayafute maneno yale. Na kwa kuwa alikuwa ameukalia mkeka wangu bila kuuona, niliamua kwamba wa safari hii atauona ukiwa juu, mahali ambapo hakuna awezaye kuweka makalio.

Nilinunua ukindu wa Rufiji, mrefu na laini. Rangi niliichemsha mwenyewe uani. Zambarau ya kwanza ilitoka na rangi ya uji wa ulezi, nikaimwaga na jirani akaniuliza nani mgonjwa. Ya pili ilikubali. Nikachanganya zambarau, nyekundu na ukindu mweupe wenyewe, nikasuka ukili mwembamba kuliko ninaosukaga kawaida, kwa sababu ukili mwembamba una mishono mingi na mishono mingi ndiyo inayomuumbua mtu. Nilipoanza kushona nilifumua, nikashona, nikafumua tena. Mume wangu alikoma kuuliza chakula kitaiva lini, akajifunza kupika maharage.

Nilishonea kibarazani, na kibaraza changu kinatazamana na banda la mtani wangu.

Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa ngoma na vigoda, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti inayofika barabarani. Sisi Wazaramo na wao ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na babu zetu wakiwapokea kwa ngoma na kuwacheka. Utani una sheria zake. Mtani akikutukana, unamtukana. Akichukua kitu chako humwiti mwizi, unakikomboa kwa njia atakayotaka yeye. Na lolote atakalokufanyia, hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa, na habari zako zitasimuliwa kila harusi na kila msiba mpaka wajukuu wako waone haya.

Msibani ndiko mtani anakofanya kazi hasa. Siku tulipomzika mama, yule bwana alivaa kanga ya marehemu, akakaa mlangoni na mwili wake wote ule, akajifanya anasuka ukili kwa vidole vya miguu, huku anaomboleza kwamba Wazaramo wamekwisha na sasa nani atamtandikia. Nilicheka, na kicheko kile kikafungua machozi yaliyokuwa yamenikaba tangu alfajiri. Sijawahi kumshukuru, maana mtani hashukuriwi.

Basi kila alasiri tulikuwa na kesi yetu.

"Mtani, huo ni mkeka au uzio?"

"Uzio. Wa kuwazuia nyie msiingie mjini."

"Mjini tulishaingia, na masufuria yenu tumewabebea sie."

"Ndiyo kazi yenu. Beba, nyamaza."

Siku nilipomwambia kwamba huu unakwenda ukutani, aliweka tindo chini.

"Unatundika mkeka? Kinachotundikwa ni ngozi, ikauke. Mkeka mtu analala."

"Huu haulaliwi, mtani. Huu wa kuangaliwa."

"Haulaliwi?" Alicheka, akaokota tindo lake. "Haya. Tutaona."

Ningekuwa na akili zangu zote ningelisikia lile "tutaona". Lakini akili zangu zilikuwa kwenye mshono. Nilipomaliza nilimtumia picha binti wa Mbweni kwenye simu, akarudisha alama za makofi nyingi, kisha akaandika, "Mama, huu unakaa katikati ya ukuta." Niliusoma ujumbe ule kwa sauti, nikamsomea mume wangu, nikamsomea na muuza samaki aliyekuwa anapita.

Siku ya maonyesho tuliutundika asubuhi. Upande wa kushoto palikuwa na mchoro mkubwa wa mama anayeuza maandazi, kulia sanamu ya simba iliyoungwa kwa vyuma chakavu, na katikati, juu ya chokaa nyeupe, mkeka wangu. Chini yake binti alibandika kikaratasi chenye jina langu. Nilirudi nyuma, nikautazama, na nasema bila haya kwamba nilijipenda. Zambarau ilikuwa imetulia. Nyekundu ilikuwa inazunguka pale nilipoitaka izunguke. Kisha nikaenda kituo cha mabasi ya mwendokasi kumpokea mama mkubwa.

Njiani sikumwambia lolote. Anatembea kwa fimbo, polepole, na kila hatua mbili anasimama kusalimiana na mtu asiyemjua. Nilikuwa nimepanga kila kitu: tutaingia kwa upande wa karakana, nitamsimamisha mbele ya ukuta, na nitanyamaza, ainue macho mwenyewe. Tukaingia kwa upande wa karakana. Nikamsimamisha. Nikanyamaza.

Mama wa maandazi alikuwepo. Simba wa vyuma alikuwepo. Katikati palikuwa na misumari, chokaa, na kikaratasi chenye jina langu.

"Umenileta kuangalia ukuta?" mama mkubwa akauliza.

Binti wa Mbweni alikuja mbio, simu mkononi, machozi yamemlengalenga. Alikuwa ameondoka dakika chache tu kupanga viti, na mgeni rasmi alikuwa ameshapiga simu kwamba yuko njiani. "Mama, wameuiba. Nimeshawaambia vijana wafunge geti. Tuite polisi?"

Kabla sijajibu, ukasikika mlio wa ngoma katikati ya uwanja, mpigo wa taratibu, na juu yake sauti ninayoijua.

"Jamani nimekufaaa! Wazaramo, nimekufa! Njooni mzike!"

Watu walikuwa wamezunguka. Nilipenya kwa viwiko. Mtani wangu alikuwa amelala chali, macho amefumba, mikono kifuani, pamba amejiziba puani, na chini yake, kwenye vumbi la uwanja, ulikuwa mkeka wangu. Wenzake wa bandani walikuwa wanapiga ngoma na kujifuta machozi yasiyokuwepo.

Nilihisi moto ukipanda kutoka miguuni. Nilikiona kile kiatu chake karibu na nyekundu yangu. Niliuona ukuta mtupu na mgeni rasmi akipita mbele yake. Nikacheka, na wale wa mtaani kwetu walipokisikia kicheko kile wakarudi nyuma hatua kadhaa.

"Mtani," nikasema, "nyanyuka."

"Maiti hanyanyuki," akajibu bila kufumbua macho. "Maiti anabebwa. Ulisema huu haulaliwi. Mie nimelala. Nikomboe au nizike."

Ndipo mama mkubwa alipofika na fimbo yake. Watu wakampisha. Alimtazama yule mtu aliyelala, akaniangalia mimi, na nadhani aliona jinsi nilivyokuwa nimekunja kanga yangu ngumini. Mama mkubwa ni Mzaramo wa zamani. Hakuhitaji kuelezwa.

"Huyu ni wa wapi?"

"Mnyamwezi, mama mkubwa. Mtani."

"Kafa?"

"Anasema kafa."

"Basi anasubiri nini hapa juani, ataoza." Akapiga fimbo chini. "Nyie vijana, hebu shikeni mkeka huo. Pembe zote. Mbebeni akazikwe."

Uwanja ukalipuka. Vijana wakaja wakigombea nafasi, huku wanne, kule wanne, wengine wakajipenyeza katikati. Wakakunja mapindo, wakakamata. Hapo hasira ikanitoka yote kwa mara moja, nikabaki na hofu peke yake. Mtu yule ni mzito. Vigoda vyake vyenyewe humlalamikia. Na mkeka ukibebwa vile, uzito wote unakwenda kwenye mshono. Ukili haukatiki. Mshono ndio unaoachia, na ukiachia mmoja unaita wa pili, na mtu anadondoka katikati ya tepe mbele ya mtaa mzima, mbele ya mgeni rasmi, mbele ya dada wa mama yangu.

Nilitaka kusema acheni. Walikuwa wameshainama.

"Bismillahi!" mmoja akasema, wakanyanyua.

Mkeka ulilia. Mikeka hulia inapovutwa, ule mlio mkavu, na moyo wangu ukalia nao. Ulining'inia katikati, mtani akazama mle ndani mpaka ikabaki tumbo na ncha za viatu. Nilichungulia chini. Nilitazama mshono ulipovutika na kukaza, tepe zote zikishikana, hakuna uzi uliokimbia, hakuna tundu lililopitisha mwanga. Wakaanza kutembea. Nikatembea nao nimeinama, kichwa kwenye usawa wa magoti yao, na kwa aliyenitazama nadhani nilikuwa mfiwa mkubwa kuliko wote.

"Babu zako walibeba mizigo mpaka pwani!" nikampigia kelele kutoka kule chini. "Leo wewe ndiyo mzigo, na Wazaramo wanakubeba!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Vigelegele vikaanza upande wa wasuka vikapu, vikafika kwa fundi wa vyungu, vikarudi. Walimzungusha uwanja mzima. Mgeni rasmi alikuwa ameshashuka kwenye gari, na kwa kuwa hakuna aliyebaki kumpokea, alijiunga nyuma ya jeneza letu akipiga makofi, akidhani ndiyo ratiba. Binti wa Mbweni alikuwa mbele anatembea kinyumenyume, anapiga picha, na sasa machozi yalikuwa ya kicheko. Kila aliyetoa simu aliupiga picha mkeka. Zambarau yangu ilikuwa juani, inapita mbele ya macho ya watu wote wa uwanja, na mshono ulikuwa umeshika.

Walimtua mbele ya banda lake la maonyesho, wakamviringisha majanini. Alikuwa bado amefumba macho, anasubiri aombolezwe. Nilikuwa na haki yangu sasa. Nikaichukua ndoo ya maji ya fundi wa vyungu.

"Maiti anaoshwa kwanza," nikasema, nikammwagia yote.

Alifufuka akiwa anapiga kelele za Kinyamwezi. Pamba ya puani ilimwangukia kidevuni. Alinitazama, maji yanamchuruzika, na nikaona jicho lake likiruka mara moja kwenye mkeka, kwenye mshono, kisha kwangu.

"Umekomboa, mtani," akasema.

Nilipogeuka, mama mkubwa alikuwa ameshaupindua mkeka. Alikuwa amepiga magoti kwenye majani, na magoti yale yana miaka hayajapigwa chini bila msaada. Kidole chake kilikuwa kwenye mshono. Kilianza pembeni kabisa, kikafuata utepe, kikafika mwisho, kikageuka, kikafuata mwingine. Hakuruka. Kelele za uwanja ziliendelea, na mimi nilisimama juu yake na ndoo tupu, naogopa kuliko nilivyoogopa mkeka ukiwa hewani. Alikagua vilevile alivyokuwa anakagua mama.

Binti wa Mbweni akaja na mgeni rasmi. "Mama, mgeni anataka kuuona ukiwa ukutani. Anataka uende na kule kwetu Mbweni, tuna ukumbi, unaweza kukaa mwaka mzima. Tuurudishe haraka?"

Mama mkubwa hakuinua kichwa. Kidole kilifika mwisho wa utepe wa mwisho. Akapangusa vumbi kwa kiganja, akaupindua tena upande wa rangi, na taratibu akaanza kuukunja.

"Hauendi ukutani," akasema.

"Bibi, ila huu ndio—"

"Nimesema hauendi." Alimaliza kuukunja, akafungua kanga aliyojitanda mabegani, akaufunga nayo, akapiga fundo. Kisha akaniangalia. Macho yake yalikuwa na maji, na hakujisumbua kuyaficha.

"Huu wa juu ya kabati," akasema. "Siku yangu ikifika, nilazwe juu ya huu. Usishone mwingine. Huu."

Binti alinitazama, anasubiri nimwambie la kufanya. Hakuwa ameelewa, na mgeni rasmi naye hakuwa ameelewa, na ukuta wa ghala ulikuwa pale na misumari yake mitupu na jina langu. Mimi nilikuwa nimeelewa. Wanawake wa vikapu walikuwa wameelewa; mmoja wao alikuwepo siku ya viazi, kwenye arobaini ya mama, na alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Niliiacha ndoo ikaanguka. Nikaweka kiganja mdomoni, nikainua uso, nikapiga kigelegele kirefu mpaka pumzi ikaisha.

"Kuna nini tena?" mtani akauliza, anakamua shati. "Nani kaolewa?"

Nilivuta pumzi, nikapiga kingine.